Vazi la chuma la askari wa mwaka 2200 kwa maboksi, bajeti elf 30, inawezekana?

Mwana_Kimondo
Wakuu habari za jioni. Kikundi chetu cha sanaa hapa Uyole tuna igizo, kuna askari wa mwaka 2200 anatokea kwenye kile kimondo cha Mbozi, yaani watalii wako pale wanapiga picha mara jiwe linafunguka anatoka jamaa kavaa chuma kuanzia utosini mpaka vidoleni. Sasa kutengeneza hilo vazi ndo nimepewa mimi. Maboksi ninayo ya kutosha, kuna dada anauza friji na tivii Mwanjelwa ananiwekea, ila hela ya vitu vingine vyote gundi rangi mikanda ni elf 30 na haiongezeki, mwenye mfuko keshasema. Nataka kifua, mgongo, mabega, mikono, miguu na helmeti. Ninachoogopa ni jamaa kuonekana boksi la friji linatembea, halafu anapigana na mlinzi na anaanguka chini kabisa, na tukitoka Mbeya tunaenda kuigiza Tukuyu uwanjani, mvua ya Tukuyu mnaijua haina ratiba. Mwenye uzoefu anipe njia, nianze wapi?

fundi_maboksi
Elf 30 inatosha mkuu ukiitumia kwenye gundi na rangi tu, vingine vyote okota.

Kabla hujakata chochote angalia mishipa ya boksi, ile mistari ya ndani. Boksi linakunjika vizuri kufuata mistari na linagoma ukilikunja kwa kuikata. Kwa hiyo mkono na mguu, ambavyo ni bomba, mistari ikimbie kwa urefu wa mkono, halafu livingirishe taratibu juu ya chupa ya bia au mpini wa jembe mpaka lilegee lenyewe, usilivunje kwa nguvu litatoa makunyanzi na hayafichiki hata kwa rangi. Ukitaka mkunjo mkali chora mstari kwa kalamu ya biki iliyoisha wino, kandamiza bila kutoboa, ndo ukunje.

Kifua na mgongo weka tabaka mbili, la kwanza mistari inasimama, la pili mistari inalala, ndo ujanja wa plaiwudi huo. Paka gundi ya mbao nyembamba pande zote, bandika ukiwa ushalipinda kwenye umbo unalotaka, funga na kamba za mpira mpaka asubuhi. Likikauka limepinda halirudi tena kuwa bapa. Na kwa baridi hii ya Mbeya usidanganyike gundi imekauka kwa sababu juu pamekauka, ndani bado mbichi.

Boksi la friji kwa mabega ni gumu mno, huko tumia ya tivii au ya biskuti.

DadaWaKihesa
Fundi kaongea vizuri ila karuka kitu kikubwa, VIPIMO. Mnaonekana maboksi yanayotembea kwa sababu mnakata kwa macho. Mimi ni fundi nguo hapa Iringa, nimeshavalisha watoto wa shule mavazi ya maigizo mengi tu.

Mvalishe muigizaji wenu tisheti kuukuu ambayo hataihitaji tena, mzungushie magazeti kifuani na mgongoni, juu ya magazeti piga selotepu mpaka abanwe kidogo lakini anapumua. Chora kwa maka pale unapotaka vipande viishie, mstari wa katikati, kwapa, kiuno. Kata ubavuni na mkasi umvue kama ganda. Halafu hilo ganda likate kufuata mistari ulalishe chini, hapo una pateni ya mwili wake yeye na sio ya mtu mwingine. Pale linapokataa kulala bapa, pasua kidogo mpaka likubali, huo mpasuo wenye umbo la V ndo unakwambia boksi lako likatwe wapi na livutwe lipandane. Mabega ndo yanataka V nyingi. Hamisha kwenye boksi, ongeza kama upana wa kidole pembeni maana ndani atavaa sweta, huko Mbeya hamuigizi na singlendi.

Kwapa likate chini kuliko unavyofikiri, wote mnakosea hapo, mtu ananyanyua mkono kifua kinampiga kidevuni. Na kifua kiishie kwenye kitovu, chini yake weka vipande vitatu vinavyopandana vimeshikwa na lastiki ndani, hapo anainama na anakaa na anaenda chooni bila kuvuliwa na watu wawili.

mzee_wa_uji
Gundi ya mbao hela nyingi ya nini? Sisi zamani tulikuwa tunapika uji wa ngano mzito, unachana magazeti, unabandika tabaka tano sita, unaanika juani. Linakuwa gumu kweli na hela iliyotoka ni ya unga kilo moja. Vijana mnapenda vitu vya dukani.

fundi_maboksi
Mzee shikamoo. Uji unakubali lakini kwa Tukuyu hapana, ule ni chakula, ukipata unyevu unaota ukungu na panya wanakuja kula bega la askari usiku. Kama lazima uji basi juu yake apake gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, nje na ndani. NDANI pia jamani, ukipaka upande mmoja boksi linavuta kuelekea huko linajipinda, na jasho la muigizaji linaingilia upande ambao haujapakwa.

Badala ya gazeti nenda site yoyote ya ujenzi omba mifuko ya saruji ile ya karatasi. Ichane, tabaka za ndani zina karatasi ngumu kweli, hiyo haichaniki kijinga kama gazeti na jamaa akianguka itavumilia. Ila kung'uta vumbi nje ya nyumba, funga pua, futa na kitambaa kibichi, saruji inakula ngozi.

Mwana_Kimondo
Shukrani sana wakuu, dada wa Kihesa hiyo ya magazeti nimeipenda, kesho namfunga jamaa. Kingo sasa, pale boksi lilipokatwa ile mistari inaonekana ndani, na rangi je? Nilikuwa nafikiria silva.

mchimba_rangi
Silva usiguse. Silva ya kopo juu ya boksi inaonekana foili ya kufunikia keki, na kopo moja la kupulizia halitoshi vazi zima, hela yako imeisha. Halafu mkuu umesema jiwe linafunguka, kimondo cha Mbozi sio jiwe, ni chuma, kama asilimia 90 chuma na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli, tani kama 16 pale chini. Nenda kakitazame rangi yake, ni kahawia nyeusi, na pale watu walipokikatakata panang'aa kidogo. Hiyo ndo rangi ya askari wako, katoka humo humo.

Kingo ziziba na vipande vya karatasi ya saruji upana wa vidole viwili, nusu juu nusu chini, na gundi. Mashimo na viungo vinavyoonekana, omba kwa mafundi wa siling ile pauda ya jipsam inayobaki, changanya na gundi ya mbao ipate uzito wa dawa ya meno, jaza, ikikauka piga msasa mwepesi. Usiweke nene, jipsam inapasuka boksi likijipinda.

Rangi nunua ya mafuta nyeusi kopo dogo, paka mbili na brashi ya kawaida, ya mafuta ndo itakusaidia na manyunyu. Ya maji usiitangulize kwenye boksi tupu, italoa. Nyeusi ikishakauka KABISA chukua penseli, saga ile risasi yake kwenye msasa upate unga, chovya kidole au kitambaa, sugulia kwenye kingo na sehemu zilizochomoza tu. Hapo unapata chuma. Chuma kweli, sio foili. Kwenye mashimo na pembe za ndani gusa kahawia kidogo iliyopunguzwa, kutu hiyo. Mwisho vanishi kama hela imebaki.

DadaWaKihesa
Hiyo ya penseli naiiba.

Mwana_Kimondo
Mchimba rangi umeniua, naenda na kahawia. Imebaki helmeti, kioo cha mbele nitoe wapi na ataonaje?

mchimba_rangi
Steshenari wanauza zile plastiki angavu za jalada la ripoti, moja bei ya soda. Kwa ndani bandika kipande cha tinti kwa mafundi wa vioo vya magari, mabaki wanayatupa. Aone kweli lakini, mjaribishe gizani kwanza maana jukwaani taa zikizimwa atakosa ngazi. Na kwa baridi yenu akihema kioo kitaingia ukungu, paka sabuni ya maji tone moja ndani ufute na kitambaa kikavu mpaka isionekane. Nyuma ya helmeti toboa matundu, chini ya kidevu acha wazi, asije akazimia kwenye sini ya mapigano. Kichwa kipimwe na sponji likiwa ndani, sio tupu.

fundi_maboksi
Kwenye kuanguka mfundisheni aangukie ubavu, sio mgongo. Vipande visigandishwe kimoja na kingine, bega lishikwe na lastiki kwenye kifua ili likigongwa linakimbia linarudi. Lastiki na bakoli (vile vifungo vya mikanda) za mabegi mabovu zitoe kwa fundi viatu, atakushonea na uzi wa nailoni hapohapo, gundi peke yake kwenye mkanda itaachia siku ya onyesho. Kwenye Coaster ya Tukuyu msiweke kwenye keria juu, pakia kwenye viroba viwili mkae navyo. Bega la akiba tengeneza moja, la kulia, kama jamaa anapigania mkono huo.

mzee_wa_uji
Marahaba fundi. Na huyo mlinzi anayepigana nae anavaa nini?

Mwana_Kimondo
Gamba buti na koti la mvua mzee, la kwake mwenyewe.