Mbwa kavunjika mguu: apewe vidonge vya thairoidi?

Mfugaji wa Mafinga: Mbwa wangu aligongwa na bodaboda, mguu wa nyuma ukavunjika. Hii ni wiki ya kumi, haukanyagii. Nimesoma kwamba panya waliopungukiwa homoni ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, mifupa yao huchelewa kuunga. Kwa nini nisimpe thairoksini, yaani homoni hiyo, vile vidonge anavyomeza mama yangu?

Dokta Mifugo: Usimpe. Hao panya walipunguziwa homoni makusudi, kwa dawa. Mfupa ukivunjika, mwili hutanguliza gegedu, kisha mfupa huchukua nafasi yake. Homoni ikipungua, gegedu linakawia kugeuka mfupa. Ikizidi, mfupa humomonyoka haraka kuliko unavyojengwa. Apimwe damu, apigwe picha. Tatizo kubwa ninalokutana nalo mimi ni watu kufunga vijiti ovyo.

Mzee wa Ludewa: Ovyo? Baba yangu alifunga mbuzi kwa vibanzi vya mwanzi miaka yote, akitanguliza kitambaa ngozi isichubuke. Walipona wakapanda milima. Nyie mmesoma juzi mnatutukana.

Dokta Mifugo: Shikamoo mzee. Sikumtaja baba yako. Mwaka huu nimekata miguu ya mbwa wawili iliyooza chini ya vijiti. Inaniuma.

Mzee wa Ludewa: Marahaba. Lawama ni ya mfungaji, mwanzi hauna kosa.

Bi Tausi: Rovu huku milimani tulilijua sote kabla ya chumvi ya madini joto. Hamjaona vitoto vya mbuzi vikizaliwa shingo imevimba, manyoya hakuna? Hao ndio wa kuzungumzia homoni, maana bila madini joto haitengenezwi. Nani kati yenu anawalambisha mbuzi wake chumvi hiyo?

Kijana wa Songea: Mama, tuko kwenye vidonge. Kimoja tu kina ubaya gani?

Dokta Mifugo: Kwa binadamu, nusu ya thairoksini hutoka damuni kwa siku kama 7, kwa mbwa haifiki siku 1. Dozi zao hazilingani kabisa. Tena upungufu huu huwapata zaidi mbwa wa makamo. Wako ana umri gani?

Mfugaji wa Mafinga: Miaka 2. Nimemshika sasa hivi. Chini ya goti, nikiusukuma kidogo, mfupa unacheza, naye ananilamba mkono. Mwanzoni nilimfunga ubao, akaung'oa, nikaacha.

Mzee wa Ludewa: Ubao! Ubao haufuati mguu. Ndiyo maana nasema mwanzi.