Korosho ghafi: tufunge bandari au tuiache iende?

Mzaliwa wa Newala, niko Dar:

Wakuu, nina swali moja na naomba tusilijibu kwa rangi za vyama. Kwa nini tusipige marufuku kusafirisha korosho ghafi?

Msimu wa 2024/25 tulivuna zaidi ya tani 500,000, jambo ambalo halijapata kutokea. Nilikuwa Mtwara wakati huo. Malori yamepanga foleni kwenda bandarini, na karibu mzigo wote unakwenda India na Vietnam na maganda yake. Huko ndiko wanakolipwa watu kubangua, kumenya, kuchambua na kufunga. Sisi tumebaki na vumbi la lori. Halafu hapa Dar nikiingia dukani, kipakiti cha korosho kinanitoa jasho, mimi niliyekulia chini ya mkorosho.

Na asiniambie mtu kwamba hatuwezi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hii ilikuwa imejenga viwanda 12 vya kubangua, vingi kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mitambo ya Waitaliano na Wajapani. Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Nachingwea, Mtama, hadi Tunduru. Baadhi ya majengo yale yamegeuzwa maghala. Ya kuhifadhia nini? Korosho ghafi. Sijui nicheke au nilie.

Benin wameshazuia ghafi tangu Aprili 2024. Sisi tunaogopa nini? Tujipe miaka mitatu ya maandalizi, kisha bandari ifungwe, ili vijana wetu wapate kazi kwao wasije kugombania abiria wa bodaboda Mbagala.

Mkulima, Tandahimba:

Mkuu, ninyi mlioko Dar mnapenda sana kufunga milango ya nyumba za wenzenu.

Mnunuzi wa India akizuiwa, mnadani atabaki nani? Watabaki wenye viwanda watatu wanne wanaopigiana simu. Bei yangu leo inapanda kwa sababu wanaoitaka korosho ni wengi. Oktoba 2024 mnada wa kwanza ulipita shilingi 4,000 kwa kilo, na hao walioipandisha hawakuja kwa mapenzi yao kwetu. Korosho ya India inavunwa miezi mingine, kwa hiyo yetu ya Oktoba na Novemba inawakuta viwanda vyao vina njaa.

Umesahau 2018? Wanunuzi walikuja na bei ya chini, tukazigomea. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua zote kwa 3,300, malori ya jeshi yakaingia hadi vijijini. Siku ile tulishangilia, sikatai, hata mimi nilicheza. Tukaambiwa zitabanguliwa humu humu nchini. Ikaja miezi ya uhakiki, wengine wanasubiri fedha huku msimu mwingine wa kupulizia mikorosho dawa unabisha hodi. Na kubangua je? Viwanda havikuweza hata robo ya mzigo. Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Kenya inunue tani 100,000, nao ukafa. Mwisho korosho ilitafutiwa mteja ikiwa na ganda lake vilevile.

Hiyo ndiyo marufuku yako. Tulishaijaribu, ila hatukuiita kwa jina hilo.

Kuli, bandari ya Mtwara:

Na sisi tunaobeba hayo magunia ghafi tuhesabiwe kwenye hizo ajira. Ahsanteni.

Mwalimu wa uchumi, sekondari:

Mkulima amesema kweli lakini nusu. Tuvuke Ruvuma kidogo. Msumbiji walikuwa na kodi kubwa kwenye korosho ghafi ili viwanda vyao vipate malighafi kwa bei nafuu. Miaka ya 1990 Benki ya Dunia ikawashinikiza waipunguze, kwa hoja hiyohiyo yako: mkulima apate soko huru. Viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Wachumi walipopiga hesabu, Dani Rodrik wa Harvard akiwa mmoja wao, walikuta faida iliyomfikia mkulima ni kama dola 5 kwa kaya kwa mwaka. Dola tano! Kilichobaki kiliishia mikononi mwa wafanyabiashara wa kati. Kwa hiyo soko huru nalo halina huruma na mtu.

Mkulima, Tandahimba:

Mwalimu, hao wa kati sisi tunawaita kangomba, na hatukungoja Harvard kuwafahamu. Anakuja mwezi wa saba ukiwa huna hela ya ada, anakukopesha, anachukua korosho ikiwa bado ua, tena kwa bakuli lake linalobeba zaidi ya kilo. Stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuiuza mnadani, ilipoanza Mtwara 2007 walau ilimbana. Ila makato nayo! AMCOS (chama chetu cha msingi cha ushirika), chama kikuu, ghala, halmashauri. Ukisoma mjengeko wa bei, ile orodha ya makato, unadhani ni risala.

Mtu wa Kilifi:

Ndugu zangu wa Tanzania, mimi nawasikiliza nikiwa upande wa pili wa hiyo marufuku. Kenya ilipiga marufuku kuuza korosho ghafi nje mwaka 2009. Tulikuwa na kiwanda hapa Kilifi tangu miaka ya sabini, kilichokufa mwishoni mwa tisini, na sheria ilipokuja tukaambiwa viwanda vitafufuka na vijana wataajiriwa.

Leo ukipita mashambani utaona mikorosho imezeeka, haijapuliziwa wala kupogolewa. Watu wameikata wakachoma makaa. Mkulima akiona wanunuzi ni wachache na bei ni ya kutupa, hagombani na serikali, anachukua shoka. Marufuku ipo, korosho ndiyo imepotea. Sitaki kuwavunja moyo, lakini mkulima msimuweke mwisho wa foleni.

Mzaliwa wa Newala:

Nashukuru wote, hasa wa Kilifi, hilo la shoka sikulijua. Lakini bado. Ivory Coast wanavuna zaidi ya tani milioni moja na sasa wanabangua sehemu inayokua kila mwaka. Hawakupiga marufuku ya kudumu, walimlipa mwenye kiwanda ruzuku kwa kila kilo anayobangua. Kama tatizo ni kufunga, basi tulipie. Na kazi za viwandani zilikuwepo kweli. Mama yangu mdogo alikuwa kiwanda cha Newala, mshahara wake ndio uliotusomesha.

Mbanguaji wa zamani, Masasi:

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimesoma wanaume mnavyogawana kazi ambayo hakuna kati yenu aliyeifanya. Mwenye mama mdogo, muulize vidole vyake.

Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakikugusa yanaunguza, ngozi inakuwa nyeusi, inachubuka, ukishika ugali wa moto unalia. Tulikuwa tunajipaka majivu, wengine mafuta ya nyonyo. Glovu zipo, ila ukivaa mkono unakuwa mzito, na sisi tulilipwa kwa kilo ya kokwa nzima, yaani korosho yenyewe ya ndani ya ganda. Ikipasuka ni kipande, na kipande bei yake ni ya huruma. Kwa hiyo unavua glovu. Hakuna aliyekulazimisha kwa mdomo.

Kiwanda nilichofanya kazi sikitaji, kilikuwa cha mtu binafsi, hiki cha baada ya ubinafsishaji. Kilituchukua mwezi wa kumi na moja, wanawake watupu, wanaume walikuwa kwenye kupakia na ulinzi. Mwezi wa tatu korosho imekwisha, "nendeni tutawaita". Mwaka wa pili walituita mwezi wa kumi na mbili. Mwaka wa tatu hawakuita. Siku zetu za mwisho hazikulipwa hadi leo.

Na bado nitasema: kile kiwanda kikifunguliwa kesho, binti yangu nitampeleka. Kwa sababu ilikuwa hela yangu mwenyewe. Hela ya shamba inaingia mara moja kwa mwaka, kwenye akaunti ya baba. Hela ya kubangua ilikuwa inaingia mkononi mwangu kila wiki mbili. Mkijadili ajira vijijini mlijue hilo, kuna nyumba zina korosho tani tatu na mwanamke hana hela ya kusagia unga.

Mzaliwa wa Newala:

Shikamoo mama. Nimenyamaza.

Mwenye karakana ndogo, Mtwara mjini:

Shikamoo mama. Nitakujibu kwa nini walikuambia "nendeni tutawaita", kwa kuwa nami nimewahi kuwaambia watu hivyo na iliniuma.

Korosho inavunwa miezi mitatu minne. Mimi nikitaka kuwapa watu kazi miezi 12, lazima Novemba niwe na fedha ya kununua mzigo wa mwaka mzima, niulipie mnadani ndani ya siku chache, niuhifadhi ghalani usiingie unyevu, kisha nibangue taratibu. Unahitaji kilo nne hadi tano za ghafi upate kilo moja ya kokwa. Nani ananipa hiyo fedha? Benki inanipa kwa riba ya hapa kwetu. Ninayeshindana naye mnadani amekopa kwao kwa riba ndogo, anabangua huko kwa mashine zisizochoka, na India inatoza kokwa zilizobanguliwa ushuru mkubwa kuliko ghafi. Kwa hiyo hata nikibangua vizuri, mlango wa soko lile umerudishwa usoni kwangu.

Viwanda vya zamani havikufa kwa uvivu tu. Vilijengwa uzalishaji ukiwa juu, kama tani 145,000 mwaka 1973/74. Vinakamilika, watu wameshahamishwa kwenye Operesheni Vijiji, mashamba yako mbali, ugonjwa wa ubwiri unga umeingia mikoroshoni, mkulima analipwa bei isiyofika hata palizi. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mitambo ya nchi nzima inagombea korosho za wilaya moja. Mkulima wa Tandahimba na kiwanda cha Newala walikufa pamoja, hakuna aliyemuua mwenzake.

Mwalimu wa uchumi, sekondari:

Hapo sasa ndipo ninapouliza kuhusu ushuru wa kusafirisha ghafi nje. Kwa sheria ni asilimia 15 ya bei ya bandarini, au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Anayeulipa kwenye karatasi ni msafirishaji, lakini anaushusha kwenye bei anayotaja mnadani, kwa hiyo umetoka kwa mkulima. Zamani asilimia 65 ilirudi kwenye tasnia: utafiti wa kituo cha Naliendele, pembejeo, ubanguaji. Juni 2018 sheria ikabadilishwa zote ziende Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walilalamika wee, wakashindwa kwa kura.

Mkulima, Tandahimba:

Salfa ya ruzuku, dawa ya kupulizia mikorosho, tumepata miaka hii ya karibuni, tusiwe wanafiki, na mavuno yamepanda kwa sababu hiyo pia. Lakini mwalimu amenigusa. Kumbe tayari nakatwa kwa ajili ya kiwanda ambacho hakipo?

Mwenye karakana ndogo, Mtwara mjini:

Ndivyo. Ungelipa kwa kiwanda kilichopo usingelalamika sana.

Mzaliwa wa Newala:

Nifute neno "marufuku". Sifuti hasira, nafuta neno tu.

Niulize hivi: sehemu ya ule ushuru iwe dhamana ya mikopo ya Novemba, ili chama cha msingi chenyewe kibakize tuseme tani 50 kati ya mzigo wake, kiwe na karakana ya kubangua palepale kijijini. Mkulima alipwe bei ya mnada wa siku hiyo, asipunjwe hata senti. Tani nyingine zote ziende bandarini kama kawaida, makuli wale, malori yaende. Faida ya kokwa irudi kama malipo ya pili. Tani 50 ni kokwa tani kumi hivi. Wateja wa kokwa tani kumi tunao hapahapa, hoteli za Zanzibar na Arusha tu zinamaliza.

Kijana asiye na shamba, Nanyamba:

Mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, je? Kila msimu yanaoza shambani tani kwa tani, yanayookolewa ni ya pombe tu, uraka na kochoko. Mimi sina mkorosho hata mmoja, ila juisi ya mabibo naijua. Au ajira ni za wenye magunia tu?

Mtu wa Kilifi:

Huyo kijana msimpite. Huku kwetu pia mabibo yanaliwa na mbuzi.

Mkulima, Tandahimba:

La mabibo halinihusu sana ila sina neno. La tani 50 nakubali kulisikiliza, kwa sharti moja: wasianze kwa kujenga jengo. Tuna majengo ya kutosha yenye mabati yaliyong'olewa. Waanze na mtu anayejua kuuza. AMCOS yangu ilishindwa kuuza magunia matupu.

Mkutano mkuu wetu unakuja. Nitalileta kama hoja ya mwanachama.

Mbanguaji wa zamani, Masasi:

Ukilileta, waulize na hili: kwenye bodi yenu wanawake wako wangapi, na mizani ya kokwa ataishika nani. Mimi nilibangua miaka mitatu, sikuwahi hata siku moja kuuona mshale wake.