Uzamili: maendeleo ya rasilimali watu au usimamizi? Na hii bondi ya miaka mitatu nisaini?

Binti_Pipeline

Hamjambo ndugu zangu. Huwa nasoma tu hapa bila kuandika, lakini hili limeninyima usingizi wiki mbili sasa, na nina hadi Ijumaa kutoa jibu.

Mimi ni afisa wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha kupakia vyakula huku Industrial Area, Nairobi. Nimemaliza miaka sita. Shahada yangu ya kwanza ni ya usimamizi wa rasilimali watu. Kazi yangu ni likizo, mishahara, barua za onyo na mafunzo. Hayo mafunzo ndiyo roho yangu inayapenda, na ndiyo yanayoniuma.

Niwape mfano. Mwezi wa tatu tulileta mkufunzi wa usalama wa mashine. Siku nzima, chai na mandazi saa nne, slaidi hadi jioni. Mwishoni kila mtu akajaza ile fomu ya nyuso tano, kuanzia uso uliokunjamana hadi unaocheka. Nilizihesabu mwenyewe, karibu zote zilikuwa zinacheka. Nikaziweka kwenye faili na kuandika ripoti kwamba mafunzo yamefaulu. Jumatatu iliyofuata nikapita laini ya pili, nikamkuta mama mmoja wa makamo, ambaye siku ile aliketi mbele kabisa akiandika kila kitu, ametia mkono chini ya kisu cha mashine anachomoa nailoni iliyokwama. Mashine inazunguka. Nilipiga ukelele. Akautoa mkono polepole, akaniambia, "Madam, nikiizima inachukua dakika kumi kuwaka tena, na supavaisa anahesabu katoni."

Vidole vyote vipo, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo najiuliza ile ripoti yangu ilikuwa inasema nini hasa.

Sasa nataka kusomea uzamili, na nimegawanyika. Moyo unataka maendeleo ya rasilimali watu: mafunzo, kukuza watu, kubadilisha shirika. Wenzangu ofisini wanasema nisome usimamizi, ndio wenye soko. Mwajiri amekubali kulipa nusu ya karo, lakini nisaini bondi ya kubaki miaka mitatu baada ya kuhitimu. Nina mtoto wa gredi ya pili na mume wangu anafanya kazi Mombasa, kwa hiyo masomo ni jioni au Jumamosi tu. Nishaurini.

---

Otieno_Rongai

Dada, pole kwa hilo la mashine. Nitakuambia bila kuzunguka: chukua usimamizi. Fungua matangazo ya kazi ya mwezi huu uone kama kuna mengi yanayotaja maendeleo ya rasilimali watu peke yake. Serikalini ndiko utakuta maafisa wa HRD (yaani hayo maendeleo ya rasilimali watu) wakiwa kada yao. Huku kwa makampuni binafsi mtu mmoja hufanya yote, kama unavyofanya wewe.

Na kabla ya uzamili wowote, leseni unayo? Sheria ya wataalamu wa rasilimali watu ya 2012 inataka uwe umesajiliwa na IHRM, taasisi ya wataalamu hao, na uwe na cheti cha kufanya kazi hiyo, unachokihuisha kila mwaka. Nimeona watu wana shahada mbili na wanaachwa nje kwenye mahojiano kwa sababu ya karatasi hiyo moja. Ikiwa huna, anzia hapo. Karo itangoja.

---

Mwalimu_Kahawa

Binti yangu, nimestaafu mwaka juzi baada ya miaka mingi katika mafunzo ya wafanyakazi, na nimefundisha jioni kidogo pia. Niruhusu nirefushe.

Otieno amesema kweli kuhusu leseni. Kuhusu soko pia hajakosea sana. Lakini nimeisoma hadithi yako ya yule mama mara mbili, na ninaona kuna jambo hujaliona. Yule mama *alijua*. Aliketi mbele, akaandika, na ungempa mtihani angepita. Hakukosa mafunzo. Alikuwa na mashine inayochukua dakika kumi kuwaka na msimamizi anayehesabu katoni. Ungemrudisha darasani mara kumi, bado angetia mkono.

Hapo ndipo fani hizi mbili zinapoachana. Leonard Nadler, Mmarekani aliyelieneza jina hili la maendeleo ya rasilimali watu kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, aliyatenganisha mafunzo ya kazi ya leo, elimu ya kazi ya kesho, na maendeleo ya mtu kwa jumla. Baadaye Patricia McLagan, mwaka 1989, akaipanga fani katika nguzo tatu: mafunzo, ukuaji wa kazi ya mtu, na maendeleo ya shirika lenyewe. Hiyo nguzo ya tatu ndiyo wengi wetu tunaisahau. Tatizo la laini ya pili liko huko. Liko kwenye hesabu ya katoni.

Na zile nyuso zinazocheka: Donald Kirkpatrick aliandika mwaka 1959 kwamba mafunzo hupimwa kwa hatua nne. Waliyapenda? Walijifunza? Wanafanya tofauti wakirudi kazini? Shirika limepata nini? Wewe ulipima hatua ya kwanza ukaandika ripoti ya hatua ya nne. Usijilaumu, kwa maana viwanda vingi nilivyopitia vilifanya hivyo hivyo, nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi kabla sijasomea jambo hili.

Kwa hiyo usitazame jina la shahada kwanza. Omba orodha ya masomo. Vyuo vingi hapa Nairobi shahada yake ni ya usimamizi wa rasilimali watu. Chuo Kikuu cha Nairobi wanayo, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) wanayo. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret ndio wanaojulikana tangu zamani kwa HRD yenyewe. Tazama kama ndani ya ile ya usimamizi kuna somo la maendeleo ya shirika, la kubuni na kupima mafunzo, la mbinu za utafiti. Tena uulize nani analifundisha, na kama muhula huu lilifundishwa kweli au lipo kwenye karatasi tu. Shahada ya usimamizi yenye tasnifu ya mafunzo itakufikisha unakotaka na itamridhisha Otieno.

---

MamaPacha_Embakasi

Mimi nije kwa bondi, maana hiyo imenichapa.

Mwajiri wangu wa zamani alilipia uzamili wangu. Nilisaini bila kusoma, furaha ilikuwa imenijaa. Niliondoka nikiwa nimebakisha miezi minne kumaliza bondi ya miaka miwili, mama yangu alikuwa mgonjwa Bungoma. Nikadaiwa karo yote. Yote! Miezi ishirini niliyotumikia haikuhesabiwa hata shilingi, kwa sababu mkataba ulisema "iwapo ataondoka kabla ya muda kwisha, atarejesha gharama zote". Nilikaa meza ya jikoni usiku na ile karatasi, nikawa napitisha kidole chini ya neno "zote" kama mtoto anayejifunza kusoma.

Kwa hiyo dada yangu, kabla ya Ijumaa waulize haya, na majibu yaandikwe ndani ya mkataba:

Deni lipungue kila mwezi unaotumikia. Miaka mitatu ni miezi 36, basi kila mwezi deni lishuke kwa sehemu moja ya 36.

Muda unaanza lini? "Baada ya kuhitimu" ni hatari. Ukikwama kwenye tasnifu miaka miwili, bondi bado haijaanza kuhesabiwa. Omba ianze siku ya kumaliza masomo ya darasani, au kila mwaka wa karo uwe na bondi yake.

Na wao wakikuachisha kazi, au kiwanda kikipunguza wafanyakazi? Lazima iandikwe kwamba hapo hudaiwi.

Mimi walitaka kukata mshahara wangu wa mwisho wote. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, lakini nililijua hilo baada ya kulia sana.

Miaka mitatu kwa nusu ya karo naona ni mingi. Omba miwili.

---

Kijana_Kabete

Niko mwaka wa pili sasa, jioni. Dada, masomo ya darasani yatapita, hata ukiwa umechoka. Shida ni tasnifu. Darasani tulianza wengi, na waliobaki wakikutana na wasimamizi wao tunahesabika kwa vidole. Ukimaliza darasa, ule muda wa saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili usiku unajazwa na mambo mengine mara moja. Anza kufikiria mada wiki ya kwanza kabisa.

Na hesabu nauli na barabara. Kutoka Industrial Area kufika chuoni kwetu Lower Kabete jioni ya mvua ni safari ya kuvuka mji mzima. Jumamosi ingekufaa zaidi.

---

Binti_Pipeline

Asanteni sana. Mwalimu, nimesoma ujumbe wako nikiwa kwenye matatu nikashindwa kujizuia, nililia kidogo. Kweli, yule mama alijua.

Leseni ninayo, Otieno, niliihuisha Januari.

Kuna jambo nimegundua leo. Nilikwenda kwa mhasibu kuuliza bajeti ya mafunzo, akanionyesha ushuru wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na analipa mwajiri, hakatwi mfanyakazi. Sisi tuko 240. Hiyo ni 12,000 kwa mwezi, 144,000 kwa mwaka. Na mwajiri akifundisha watu kwa utaratibu wao, anaweza kudai arudishiwe gharama. Nikauliza tumewahi kudai? Mhasibu akasema hajawahi kuona fomu hiyo. Miaka sita mimi niko pale na ofisi yangu ndiyo ya mafunzo! Hii inaweza kuwa mada ya tasnifu? Kwa nini viwanda vinalipa ushuru wa mafunzo na wafanyakazi hawabadiliki?

---

Mwalimu_Kahawa

Hapo umepata kitu, lakini ni pana mno. Hiyo "kwa nini viwanda" itakumaliza. Ipunguze: katika kiwanda chako, ni nini kinachomsaidia au kumzuia mfanyakazi kutumia kwenye mashine kile alichofundishwa? Wataalamu huita uhamishaji wa mafunzo. Hesabu ya katoni iko humo, msimamizi yumo, ushuru utauweka sura ya kwanza.

Kuhusu idadi, wanafunzi wengi hutumia jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, linaloonyesha uwahoji wangapi kati ya watu wote. Kwa watu 240 linakupa sampuli ya 148. Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayotoa ruhusa ya utafiti, ni lazima, na barua ya mwajiri pia, iombe mapema.

Sasa sikiliza jambo zito zaidi. Wewe ndiye unayeandika barua za onyo pale. Ukimpa yule mama hojaji kwa mkono wako na kumuuliza kama huzima mashine, atakujibu nini? Atakuambia huizima kila mara. Watu 148 watakuambia hivyo, utayaingiza majibu kwenye SPSS, programu ya takwimu, utapata jedwali zuri la uongo. Tafuta mtu asiye wa ofisi yako wa kukusanya majibu, bila majina, bila nambari ya kazi, sanduku liwekwe mahali pasipo na kamera. Na wewe simama kwenye laini, kwa ruhusa yao, uangalie.

Na andika hojaji kwa Kiswahili tangu mwanzo. Nimeona nyingi zilizotafsiriwa usiku mmoja: "Mafunzo yalikidhi mahitaji yangu ya kiutendaji." Mama wa laini ya pili ataweka alama popote ili arudi kazini. Muulize, "Tangu mafunzo yale, kuna kitu unachokifanya tofauti kwa mashine yako? Ni kipi? Ni nini kinakuzuia?"

---

Otieno_Rongai

Mwalimu, nimeshindwa. Kwa tasnifu kama hiyo hata mimi ningemwajiri. Bado nasema iwe shahada ya usimamizi kwa jina, dada.

---

Binti_Pipeline

Narudi kuwapa habari. Leo ni Alhamisi.

Nilimwendea meneja asubuhi na maswali ya MamaPacha nimeyaandika kwa karatasi. Miaka miwili amekataa, imebaki mitatu. Lakini deni litashuka kila mwezi, nikiachishwa sidaiwi, na hesabu itaanza nikimaliza masomo ya darasani, tasnifu iwe imekwisha au haijaisha. Anaandika upya, nitasoma kila neno kabla sijatia kalamu. Neno "zote" nimeliomba litoke, mama, na limetoka.

Shahada itakuwa ya usimamizi, Jumamosi. Nimeomba orodha ya masomo vyuo viwili, kimoja wamenitumia na maendeleo ya shirika yamo. Kesho nitawapigia niulize nani anafundisha.

Kisha nikampelekea fundi wa mitambo swali la zile dakika kumi. Akaniambia kifaa cha kuwasha laini ya pili ni kibovu tangu mwaka jana, aliomba kipya, ombi likakwama mahali. Laini ya kwanza inawaka kwa dakika moja na nusu. Nimeliandikia upya ombi hilo nikaliambatanisha na barua yangu kuhusu usalama, na nimemwomba meneja wa uzalishaji kwamba hadi kifaa kifike, dakika za kuzima mashine zisihesabiwe kwenye katoni za laini ya pili. Amesema atanijibu Jumatatu.

Mwalimu, zile nguzo tatu za McLagan, nianze kuzisoma wapi kabla muhula haujafungua?