BC-611: kwa nini fuwele, si kitufe cha kuzungusha?

Sumaku77: Wadau, redio ya mkononi ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili, BC-611, ina chaneli moja tu, inayoshikwa na fuwele (kipande cha madini ya kwatzi kinachotetema kwa masafa yake), na kuibadilisha mpaka uifungue. Kwatzi nzuri ilikuwa ikiagizwa Brazili. Kwa nini wasiweke kapasita ya kuzungusha, ile ya kutafutia stesheni, wakaokoa fuwele?

FundiValvu: Anayeishika ni askari wa miguu, mkuu, si fundi mitambo. Ukivuta antena inawaka, ukibonyeza unasema, basi. Kapasita kwenye kisanduku kinachobamizwa na kulowa ingehama masafa, na mwenzako asikupate.

Gharama yake ni fuwele 2 kwa kila redio. Masafa ya kati, yaani tofauti kati ya fuwele ya kupokea na mawimbi yanayoingia, ni 455 kHz, kwa hiyo ukitaka 3885 kHz unachomeka ya kutuma 3885 na ya kupokea 4340. Unabadili pia koili ya antena na koili ya hatua ya mwisho, halafu unaitune upya. Wengi hubadili fuwele wakasahau koili, kisha wanalaumu betri.

mzee_wa_koili: Kwatzi yenyewe haikuwa kichwa cha maumivu kama kuzeeka kwake. Fuwele ilisuguliwa kwa unga wa kukwaruza hadi ifike masafa, ikapimwa, ikapita. Baada ya kukaa ghalani imepanda masafa, au imekataa kutetema kabisa. Kusugua huacha ngozi ya nyufa ndogo sana. Unyevu ukiingia, chembe zinabanduka na fuwele inakuwa nyembamba. Ya 5 MHz, mkato wa AT (namna mojawapo ya kukata fuwele), ina unene wa milimita 0.33 hivi. Ikipungua sehemu moja ya elfu ya milimita tu, inaruka kama 15 kHz! Dawa ikawa kuacha kusugua mapema na kumalizia kwa tindikali inayokula ile ngozi mbovu.

Sumaku77: Na Wajerumani?

FundiValvu: Njia nyingine kabisa. Kipokezi chao cha jeshi, Torn.E.b, kina valvu 4 (taa za utupu za kukuza mawimbi), zote aina ya RV2P800, kwa hiyo spea ni aina moja. Kinazungushwa kuanzia karibu 100 kHz hadi 7 MHz kwa mikanda 8, bila fuwele ya chaneli. Lakini ili kisihame, koili zimekaa kwenye pipa linalozunguka na fremu ni ya aloi nyepesi ya kumimina. Hiyo inataka kalibu na mafundi wa kuchonga. Tena mrejesho wake (kurudisha mwanzoni sehemu ya mawimbi yaliyokuzwa) unarekebishwa kwa mkono: ukizidisha kinapiga mluzi, ukipunguza hakisikii. Hapo lazima awepo mtu aliyefunzwa.