Massimo Troisi wa Il Postino: aliteuliwa Oscar kwa kazi yake au kwa kuwa alishakufa?

BintiKibirizi (Kigoma)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Wiki iliyopita mwezi ulikuwa mpevu. Wanaotoka huku ziwani wanajua maana yake: dagaa hawafuati taa wakati mbingu nzima ni taa, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa mchangani na watu wanapata usiku wa bure. Kaka yangu ana kibanda umiza hapa Kibirizi. Siku zote ni ngumi na mpira, ila Jumatano aliniachia mimi, nikaweka filamu ya Kiitaliano niliyokuwa nayo kwenye flashi muda mrefu, Il Postino ya mwaka 1994. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo nilisimama pembeni nikawa nawasomea kwa Kiswahili. Walikuja akina mama wanaoanika dagaa, wavuvi kama kumi na watano, na watoto sikuwahesabu.

Kwa asiyeijua: Mario ni mtoto wa mvuvi kisiwani, kazi ya mtumbwi haimkai mwilini, kila siku ana mafua. Anapata kibarua cha kupeleka barua kwa mtu mmoja tu, mshairi Pablo Neruda wa Chile, aliye uhamishoni pale kisiwani. Anampenda Beatrice wa mgahawani, hana maneno ya kumwambia, anamwendea mshairi amfundishe. Wavuvi wetu walimwelewa Mario tangu mwanzo. Baba mmoja alisema kwa sauti, "Huyo ni mwanangu wa tatu kabisa."

Ilipoisha nikawaeleza kwamba Massimo Troisi, aliyecheza Mario, alikufa mara tu kazi ilipokamilika, na kwamba baadaye aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora. Hapo ubishi ukaanza. Jirani yetu, fundi wa injini za boti, mtu ninayemheshimu sana, akasema: "Hiyo ni rambirambi. Marehemu hasemwi vibaya, hata huko kwao." Leo siku ya nne tunabishana. Mimi nasema Troisi alistahili. Naomba mnisaidie kwa ukweli: filamu hii ilipata tuzo gani hasa? Na ilikuwaje ikawania filamu bora ya mwaka, halafu kwenye orodha ya filamu za lugha ya kigeni siioni?

MwlKasulu

Dada, hongera kwa kusimama na kutafsiri usiku kucha, hiyo si kazi ndogo.

Mimi nitagusa upande wa fasihi tu, tuzo nawaachia wengine. Hadithi yenyewe ilianza Chile. Ni riwaya ya Antonio Skármeta ya mwaka 1985, na mle Mario anaishi Isla Negra, pwani ya Chile, miaka ya utawala wa Rais Allende. Waliotengeneza filamu wakaihamishia Italia ya miaka ya 1950. Hawakubuni tu: Neruda kweli aliishi uhamishoni Italia, na mwaka 1952 alikuwa kisiwa cha Capri. Mario ndiye wa kubuniwa.

Kile kipande cha ufukweni, Neruda anasoma shairi la bahari, Mario anasema amejisikia kama chombo kinachorushwarushwa na yale maneno, na mshairi anamwambia hapo umetunga sitiari bila kujua, huwa nakisimulia darasani. Wanafunzi wangu makini hunisahihisha: mwalimu, ana neno "kama", hiyo ni tashibiha. Nawapa haki yao. Lakini nataka waone jambo jingine, kwamba mtu asiyesoma sana alisema kilichomo mwilini mwake, na hicho ndicho chanzo cha tamathali zote.

MzeeWaMifuko (Tabora)

Marahaba mwanangu. Mwangaluka kutoka Tabora, ingawa mimi ni mzaliwa wa Ujiji na hao dagaa wa Kibirizi nimekulia.

Nimepanga barua miaka ishirini na saba. Treni ilikuwa inaingia Tabora na mifuko kutoka Dar es Salaam, sisi tunaigawa usiku huohuo: ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, ya Mpanda pembeni. Kwetu barua haigongi mlango. Mtu ana sanduku lake na ufunguo wake, anakuja mwenyewe. Kwa hiyo miaka yote ile mimi niliyaona masanduku kwa nyuma, upande wa kutumbukizia, na mkono wa mtu ukiingia kwa mbele. Nilipoiona Il Postino mara ya kwanza nilimwonea Mario wivu, kwa sababu yeye aliuona uso wa mpokeaji. Tangu hapo nimeifuatilia filamu hii kama ndugu yangu, ndiyo maana nitaandika kirefu.

Tuzo kwanza. Usiku wa Oscar ulikuwa tarehe 25 Machi 1996, Los Angeles. Filamu iliteuliwa mara tano: filamu bora, mwongozaji (Michael Radford, huyu ni Mwingereza), mwigizaji bora wa kiume, maandishi yaliyotokana na kazi nyingine, na muziki. Ilishinda moja, ya muziki, ya Luis Bacalov, mzaliwa wa Argentina. Ile ala inayolia kama mtu anayepumua ni bandoneoni, ndugu yake akodiani, na ndiyo ala ya tango kule kwao Bacalov. Filamu bora ya mwaka ule ilikuwa Braveheart. Uingereza, kwenye BAFTA, tuzo za filamu za kule, ilipata tatu: filamu isiyo ya Kiingereza, mwongozaji, na muziki.

Kuhusu orodha ya lugha ya kigeni, hapo wengi hupotea. Kundi lile wakati huo lilikuwa na kanuni yake: kila nchi ilipeleka filamu moja, na walihesabu mwaka ilipooneshwa kwao nyumbani. Il Postino ilioneshwa Italia mwaka 1994. Makundi mengine yalihesabu ilipooneshwa Los Angeles, na huko ilifika 1995. Kwa hiyo kwa mlango mmoja ilikuwa imechelewa, kwa mlango mwingine ilikuwa na wakati. Mwaka huo Italia ilipeleka filamu ya Giuseppe Tornatore, L'uomo delle stelle, nayo ikateuliwa, ila ikashindwa na filamu ya Uholanzi. Kupita ule mlango mkubwa kulikuwa jambo zito. Hakukuwa na filamu isiyo ya Kiingereza iliyowania filamu bora tangu ile ya mwongozaji Bergman wa Sweden miaka ya sabini, na ya Kiitaliano haikuwahi kabisa.

Sasa fundi wako. Mwambie namheshimu, lakini akumbuke mambo mawili. Akademia, hao wanaotoa Oscar, haiogopi kumpa marehemu. Peter Finch alikufa Januari 1977 na Machi akapewa ya mwigizaji bora. Kama walitaka kutoa ubani, njia ilikuwa wazi. Pili, jina la Troisi lilikuwemo mara mbili usiku ule, kwa uigizaji na kwa maandishi, maana alikuwa mmoja wa watu watano walioandika. Ya uigizaji akachukua Nicolas Cage, ya maandishi akachukua Emma Thompson. Rambirambi gani inayorudi mikono mitupu mara mbili?

Lakini sababu yangu kubwa haipo kwenye hesabu hizo. Troisi alipata homa ya baridi yabisi utotoni, ile inayoanza na koo na kuishia kwenye milango ya moyo. Alishafanyiwa upasuaji Marekani akiwa kijana. Wakati wa Il Postino alikuwa anahitaji moyo mwingine, akaamua filamu imalizike kwanza. Alikuwa na nguvu za muda mfupi tu kwa siku. Zile picha za mbali unazomwona akipanda kilima kwa baiskeli, mara nyingi ni mtu mwingine aliyefanana naye kwa nyuma. Kazi ilikamilika, na kesho yake, tarehe 4 Juni 1994, akafa usingizini nyumbani kwa dada yake, Roma. Alikuwa na miaka 41.

Mimi nilikuwa na mdogo wangu mwenye ugonjwa huohuo. Koo, kisha magoti na viwiko vikavimba kwa zamu, watu wakasema ni mambo ya kukua. Alipofika miaka kumi na tisa hakuweza kuvuta wavu, akawa anashika taa tu. Mtu wa namna hiyo hupima maneno. Anaanza sentensi, anaiacha, anakuonesha kwa mkono sehemu iliyobaki. Nilipomwona Mario anazungumza, nikasema hapa hakuna kujifanya. Kila neno limelipiwa. Kwa nini hilo lisiitwe uigizaji bora?

Picha_Tbr

Shikamoo mzee. Nakubaliana na yote ila hilo la mwisho, na nalisema kwa heshima kwa sababu nadhani linampa fundi wa injini nguvu asiyostahili.

Yale mazungumzo ya kukatika, kuanza sentensi na kuiacha hewani, Troisi alikuwa nayo tangu mwanzo. Ni mtu wa San Giorgio a Cremano, pembeni ya Naples, na alianza jukwaani na wenzake wawili kwenye kundi la vichekesho, La Smorfia. Mwaka 1981 aliongoza na kucheza filamu yake ya kwanza, Ricomincio da tre, na huko anasema hivyohivyo, kigugumizi cha mtu mwenye haya, nusu Kinapoli nusu mikono. Mwaka 1989 alipewa tuzo ya mwigizaji bora pale tamasha la filamu la Venice, pamoja na Marcello Mastroianni, kwa filamu ya Ettore Scola. Hiyo ni miaka mitano kabla hajafa. Nani alikuwa anampa pole wakati ule?

Tukisema alicheza vizuri kwa sababu alikuwa mgonjwa, tunamnyang'anya ufundi aliohangaika nao miaka karibu ishirini. Ugonjwa ulimpunguzia nguvu. Ufundi ndio uliomwezesha kufanya kazi na zilizobaki.

Jingine, kwa haki: kampuni iliyoisambaza Marekani iliipigia debe sana. Walitoa hadi albamu ambayo watu kama Julia Roberts, Madonna na Sting wanasoma mashairi ya Neruda. Kelele zile zilisaidia filamu ionwe na wapiga kura. Kusaidia kuonwa si sawa na kudanganya. Watu wa kule Kibirizi hawakusikia debe lolote, na dada anasema walimwelewa tangu mwanzo.

MzeeWaMifuko (Tabora)

Marahaba, na nimekupokea. Hiyo ya 1981 sijaiona. Nilimtazama Troisi nikamwona mdogo wangu, na mtu akifanya hivyo hamwoni tena aliye mbele yake vizuri. Basi mwambieni fundi hiyo ya Venice, ni nzito kuliko yangu.

MwlKasulu

Niongeze kidogo tu. Mwishoni mwa filamu wameandika maneno ya kumkumbuka, "kwa rafiki yetu Massimo". Pole ilikuwa na mahali pake, na ilikaa hapo.

BintiKibirizi (Kigoma)

Asanteni sana. Nimemsomea fundi majibu yote akiwa anafungua injini, nikasimama mbele yake hadi mwisho. Ya Venice ndiyo iliyomnyamazisha. Baadaye akaniuliza kama naweza kumpatia hiyo filamu ya 1981, na kama ina wavuvi. Nikamwambia nitatafuta. Hajasema nimeshinda, ila amesema mwezi ukipevuka tena nirudie kuonesha, safari hii atakaa mbele, maana ile siku alikuwa mlangoni na hakusikia vizuri nilivyokuwa nasoma sehemu ya kinasa sauti.

Hiyo sehemu ndiyo iliyowagusa watu wangu zaidi. Mario anarekodi sauti za kisiwa amtumie Neruda aliyesharudi kwao: mawimbi madogo, mawimbi makubwa, upepo wa majabali, upepo wa vichakani, nyavu za baba yake zenye huzuni, kengele ya kanisa, anga lenye nyota, na ya nane moyo wa mtoto aliyemo tumboni mwa Beatrice. Mama mmoja alicheka pale kwenye nyota, akauliza nyota zinarekodiwaje, halafu hapo hapo akanyamaza na kujifuta macho kwa khanga.

Mzee wangu, samahani kama nauliza pabaya. Mdogo wako je? Na katika zile nane, wewe ipi?

MzeeWaMifuko (Tabora)

Hujauliza pabaya, mwanangu. Alifariki mwaka 1988, mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika. Tulikuwa tumeshapata karatasi ya kumpeleka Dar es Salaam, tunasubiri treni ya Alhamisi.

Yangu ni ya tano, nyavu. Siku za mwisho hakwenda ziwani, alikuwa anakaa chini ya mwembe pale nyumbani Ujiji anashona matundu ya wavu wa baba. Ukipita kimya unasikia uzi unavyopita kwenye jicho la wavu, kisha anavuta kukaza fundo, kisha anapumzika. Pumziko lilikuwa refu kuliko fundo. Mama akiwa jikoni alikuwa anasikiliza hapo, asiposikia fundo linalofuata anatoka nje kuangalia.