Naombeni ushauri: nataka malengo mepesi ya mwaka mpya, lakini kikao cha familia kinanisubiri

Mama wa Pasua (mwanzisha uzi)
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Ninaishi Moshi na ninauza nguo za mitumba. Krismasi ikishapita, ukoo wetu hukutana kihambani, yaani shamba letu la ukoo, Marangu, na kila mtu mzima husimama kueleza alichofanikisha na atakachofanya mwaka unaofuata. Safari hii nimechoka uchovu ambao usingizi hauumalizi, hivyo ningependa kuingia Januari na nia ndogo ndogo tu: kulala mapema, kula mezani na wanangu, na kwenda kuwaona wagonjwa bila kutazama saa. Je, maneno hayo yanasemeka mbele ya kaka zangu wanaokuja kutoka Dar es Salaam na habari za viwanja na magari?

MwanaRombo
Dada, lengo lisilo na kiasi wala tarehe ni matamanio. Januari ina ada, sare, madaftari na kodi ya pango, vyote kwa pamoja. Panga hayo kwanza, kulala utalala.

Mpagazi Mstaafu
Nilibeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu kwa miaka mingi, na ninamtetea dada huyu. Wapo wageni waliofika kambi ya Horombo, takriban mita 3,720, wakiwa na nguvu tele, wakakataa kukaa siku ya ziada ili mwili uzoee hewa nyepesi, na kesho yake wakaanza kutapika kabla ya kufika kambi ya Kibo. Waliokubali siku ile walipanda kidogo kuelekea Mawenzi, wakarudi kulala palepale, na wengi wao ndio niliowaona wakishuka na vyeti vya kufika kilele cha Uhuru. Siku hiyo ya Horombo haimsogezi mtu kwenye kilele, lakini imo katika safari na hulipiwa kama siku nyingine.

Neema
Dada yangu, mwaka ni wa Mungu. Nenda kwenye mkesha wa tarehe 31, ushukuru kwanza kwa uzima, mipango itafuata.

Mjomba wa Njoro
Subiri mtori unapopakuliwa ndipo usimame. Hakuna atakayesikia neno, na utakuwa umetimiza wajibu.

Bibi Kahawa
Mwanangu, mtu anayetaka tu kusema kwamba atalala mapema hana hofu kiasi hiki. Mwaka jana uliahidi nini kwenye kikao hicho? Na mgao wa kikoba, maana vikundi vingi vinavunja hesabu mwezi huu, umeupeleka wapi?

Mama wa Pasua
Bibi, shikamoo. Niliahidi kuezeka upya nyumba ya mama, na mgao ulikuwa wa mabati. Nimeupokea, nikalipa ada ya watoto ya mwaka mzima, na kilichobaki nimekitenga kwa chakula hadi Machi, kwa sababu mwenye kibanda nimeshamwarifu kwamba Januari siendelei. Daktari ameniambia shinikizo la damu limepanda na kwamba nipunguze kazi. Sijautumia mgao kwa anasa. Mabati yanaweza kusubiri mwaka mmoja, lakini mwili wangu hauwezi.

MwanaRombo
Kumbe uamuzi umeshafanyika, na sisi tunaombwa baraka.

Mkaguzi wa Nyuzi
Ndugu wanajamvi, habari hii imetungwa. Hakuna mfanyabiashara wa nguo Moshi mwenye nafasi ya kuandika kirefu namna hii wiki ya Krismasi, wakati mji umejaa wageni. Pia ugonjwa umejitokeza baada tu ya kuulizwa fedha.

Mjomba wa Njoro
Mimi nilishaanza kumchangia bati moja moyoni.

Mama wa Pasua
Ninaandika usiku watoto wakiwa wamelala. Nguo za watoto za sikukuu huuzika mapema Desemba. Wanaotoka Dar huja wameshanunua Kariakoo, na wiki hii belo nililofungua mwisho bado limejaa. Ugonjwa sikuutaja kwa sababu mama yangu hajui, na sikutaka maneno haya yamfikie kabla yangu.

Mwenyeji wa Unguja
Iwe kweli au la, wenye jambo kama hili ni wengi. Kwetu Makunduchi, katika Mwaka Kogwa wa mwezi Julai, wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka unaokwisha kiishie uwanjani, ndipo mwaka mpya unapoingia. Dada, nia zako za upole zitakuwa na kinyongo ndani yake ikiwa mama atasikia habari za mabati siku moja na wageni.

Bibi Kahawa
Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Panda Marangu kabla ya kikao, umweleze mama ukiwa naye peke yenu: ugonjwa kwanza, ada pili, mabati mwisho, na umwombe mwaka mmoja. Akikubali, hao kaka zako watamuuliza nani? Tena wao pia ni watoto wa nyumba hiyo. Paa si lako peke yako.

Mama wa Pasua
Nitapanda tarehe 24 asubuhi. Nimwombe kaka mkubwa anisindikize?

Bibi Kahawa
Hapana. Beba stakabadhi za ada na cheti cha daktari.