Yah: Kushusha kochi na kabati bila kuacha makovu

Wapendwa, salaam. Jumamosi nahama kutoka ghorofa ya tatu. Nina kochi la watu watatu, kabati la nguo na mashine ya kufulia. Ngazi ni nyembamba, zina kona mbili, na kuta zimepakwa rangi mwezi uliopita tu. Mwenye nyumba ameshika dhamana yangu. Vijana wawili watanisaidia; nguvu wanazo, uzoefu hawana. Nianzie wapi?

*

Pole na hongera kwa pamoja, dada. Mimi kilichoniliza ni sakafu, si kuta. Nilitandika boksi chini ya kabati nikalivuta taratibu, nikijiona mjanja. Kumbe punje ya mchanga ilinasa chini ya lile boksi. Ikaacha mstari mweupe kwenye mbao, umenyooka kama wa rula, kutoka chumbani hadi mlangoni. Dhamana ikakatwa. Kwa hiyo fagia, ufagie tena, ndipo utandike blanketi. Na kinachoinulika kisivutwe.

Kochi lipime leo, usingoje Jumamosi. Mlango nao upime fremu kwa fremu, pale palipobana zaidi. Fungua miguu ya kochi, mara nyingi inazungushwa kwa mkono tu. Likigoma, lisimamisheni wima, mpitishe sehemu ya mgongo kwanza, kisha mlizungushe kufuata fremu. Bado? Ng'oa mlango kwenye bawaba, utapata sentimita chache za bure. Ila msisukume kwa hasira, maana hapo ndipo fremu inapoliwa.

Kabati toa droo na rafu zote. Skrubu tia kwenye mfuko mmoja, uandike ni za nini.

*

Naongezea la mashine, maana wengi husahau maji. Hata ukishafunga bomba, ndani yanabaki. Fungua kichujio kile cha chini mbele, utegee sinia na taulo, la sivyo yatamwagika katikati ya ngazi na vijana wateleze. Kama bado unazo zile bolti ndefu zilizokuja na mashine ikiwa mpya, zirudishe nyuma ili pipa lisicheze.

Kuta za mwezi mmoja usizibandike selotepu, itaondoka na rangi. Kunja boksi lifuate kona ya ukuta, mtu alishikilie wakati mzigo unapita. Vyuma vya ngazi vizungushie blanketi, ufunge kwa kamba.

Halafu mwenye nguvu zaidi akae upande wa chini, na atoe amri mtu mmoja tu. Wawili wakisema "kushoto" kwa pamoja, kila mmoja ana kushoto kwake!

Piga picha kuta na sakafu kabla hamjagusa kitu.

*

Asanteni sana, kaka zangu. Nimepima sasa hivi: mlango sentimita 78, kimo cha kochi 84. Bila miguu litabaki 71. Mguu mmoja tu umegoma, natafuta bisibisi.